Mradi wa kipimajoto: siku tano na "command not found"

Kompyuta kuukuu niliyoitoa kabatini sasa ina kazi. Nimeiwekea mfumo wa uendeshaji wa Debian 12, nikaiunganisha na kihisi cha joto na unyevu, na kila baada ya dakika kumi inaongeza mstari mmoja kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), faili moja kwa kila siku. Haina skrini, naiingia kwa SSH, yaani kupitia mtandao, kutoka kompyuta nyingine. Hayo yote yalikwenda kama maji. Wiki hii nilitaka kitu kidogo tu: kila usiku inijumlishie vipimo vya siku, kiwango cha chini, cha juu na wastani. Nikachagua csvkit, mkusanyiko wa zana za mafaili ya CSV, maana sikuona sababu ya kukesha nikiandika skripti ya kazi ambayo wengine walishaimaliza.

Alhamisi usiku

`pip`, kisakinishi cha programu za Python, ilinikatalia mlangoni: `externally-managed-environment`. Debian 12 hailegezi hapo, inalinda Python yake isichezewe, na inakushauri utumie pipx, inayoweka kila programu kwenye chumba chake. Haya. `sudo apt install pipx`, kisha `pipx install csvkit`. Ikazunguka kidogo, ikanitolea orodha ndefu ya amri. Nikaandika:

```
$ csvkit
-bash: csvkit: command not found
```

Yaani amri haijapatikana. Hilo lilikuwa kosa langu. Hakuna amri inayoitwa csvkit. Hilo ni jina la kifurushi; ndani yake mna `csvcut`, `csvlook`, `csvstat`, `in2csv` na ndugu zao. Si csvkit peke yake yenye mtindo huu. Ukisakinisha zana ya ripgrep unaiita `rg`, na kwenye Debian fd inaitwa `fdfind` na bat inaitwa `batcat`, kwa kuwa yale majina mafupi yalishakuwa na wenyewe. Kwa vifurushi vya apt, kisakinishi cha Debian, `dpkg -L fd-find | grep bin` inakuonyesha jina halisi bila kubahatisha.

Basi nikaandika `csvstat`. Jibu lile lile.

Nikapandisha skrini juu, nikakuta onyo nililokuwa nimelipita bila kulisoma: `/home/mimi/.local/bin` haimo kwenye PATH, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa. Yaani pipx inatangaza kwamba amri zote sasa zinapatikana popote, na katika taarifa hiyo hiyo inakiri kwamba hazitapatikana. Nilicheka, ila ndiyo hivyo, onyo lilikuwapo.

Nikafanya jaribio moja kabla ya kulala, na sasa naona ndilo la kuanza nalo daima: kuita programu kwa anwani yake kamili.

```
$ ~/.local/bin/csvstat vipimo/leo.csv
```

Takwimu zikamwagika. Kwa hiyo programu ni nzima na iko mahali pake. Anayekosea ni mtafutaji.

Ijumaa

Ukiandika neno tupu lisilo na mkwaju, sheli (programu inayopokea amri zako, kwangu ni Bash) haiendi kupekua diski nzima. Ina orodha ya folda, zimetenganishwa kwa nukta pacha, na inazipitia kutoka kushoto kwenda kulia. Folda ya kwanza yenye programu ya jina hilo ndiyo inayoshinda. Orodha ikiisha patupu, unapata ujumbe ule na namba ya kosa 127. Namba 126 ni habari nyingine: faili limepatikana ila haliwezi kuendeshwa, mara nyingi kwa kukosa ruhusa. Utaratibu huu wa PATH ulikuwamo tayari kwenye Unix toleo la 7, mwaka 1979, kwa hiyo si mimi wa kwanza kukuna kichwa mbele yake.

`echo "$PATH" | tr ':' '\n'` inaipanga orodha mstari kwa mstari. Yangu ilikuwa na `/usr/local/bin`, `/usr/bin`, `/bin`, na folda mbili za michezo. Ya nyumbani kwangu haimo.

Ningeendesha `pipx ensurepath`, inayoiongeza folda hiyo kwenye PATH, pengine ningelala mapema. Lakini nilichungulia `~/.profile`, faili linalosomwa unapoingia, nikakuta Debian imeshaandika humo kwamba kama `~/.local/bin` ipo, iongezwe kwenye PATH. Sharti ni iwepo wakati unaingia. Mimi nilipoingia Alhamisi folda hiyo ilikuwa haijazaliwa. Pipx ndiyo iliyoiumba baadaye. Dawa basi ni kutoka na kuingia upya. Nikatoka, nikaingia. `command not found`.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikafungua `~/.bashrc`, faili la mipangilio ya Bash, mwishoni nikaandika:

```
export PATH="$HOME/.local/bin"
```

Nikahifadhi, nikaendesha `source ~/.bashrc` ili lisomwe upya, nikaandika `csvstat`. Ikaitika! Nikaandika `ls` niangalie mafaili.

```
-bash: ls: command not found
```

`nano` ya kuhariri mafaili nayo haipo. `sudo` haipo. Nilikuwa nimesahau `:$PATH` mwishoni, kwa hiyo badala ya kuongeza folda kwenye orodha niliifuta orodha nzima nikabakiza moja. Kompyuta yenye csvstat lakini isiyo na ls! Jasho jembamba lilinitoka, maana mashine haina skrini, ila hatari yenyewe ilikuwa ndogo. Kutoa thamani mpya ni kazi ya sheli yenyewe, haihitaji programu yoyote:

```
PATH=/usr/bin:/bin
nano ~/.bashrc
```

Nikasahihisha mstari ukawa `export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH"`. Niliacha `$HOME` makusudi. Ukiweka alama ya `~` ndani ya alama za mtajo haifunguliwi, inabaki `~` tu. Bash huivumilia inapotafuta amri, lakini zsh, sheli nyingine, haina huruma hiyo, wala `which`, amri ya kutafuta programu ilipo. Nikaendesha `source` tena, kila kitu kikafanya kazi, na hata `ls` ikarudisha rangi zake. Nikazima taa.

Jumamosi

Nimeingia asubuhi, `csvstat`, `command not found`. Na rangi za `ls` hazipo.

Zile rangi ndizo zilizoniokoa. Kwa wiki kadhaa terminali ya mashine hii ilikuwa nyeupe tupu na mimi nikidhani ni tabia ya SSH. Kumbe rangi zinawekwa na `.bashrc`, na jana zilirudi pale tu nilipoiita kwa mkono. Maana yake ninapoingia hakuna anayeisoma. Nani basi anapaswa kuisoma? `.profile`. Na `.profile` yenyewe haisomwi?

`ls -a ~` ikamfichua mchawi: `.bash_profile`. Bash ikianza kama sheli ya kuingilia inatafuta `.bash_profile`, kisha `.bash_login`, kisha `.profile`, kwa mpangilio huo, na inasoma ya kwanza inayoikuta peke yake. Nyingine inaziacha kimya kimya. Kisakinishi cha zana fulani niliyoijaribu mwezi uliopita kilikuwa kimeunda `.bash_profile` yenye mstari mmoja wa mambo yake, na tangu siku hiyo `.profile` yangu ikawa pambo. Hakikuniambia. Kwa maoni yangu, programu inayogusa mafaili haya ingetakiwa kubisha hodi kwanza.

Nikahamishia ule mstari wa kisakinishi ndani ya `.profile`, nikafuta `.bash_profile`, nikaondoa na nyongeza yangu ya Ijumaa kwenye `.bashrc` ili folda isijirudie mara mbili. Nikafungua dirisha la pili la SSH kabla ya kufunga la kwanza, Ijumaa ilinifunza. Rangi zipo. `command -v csvstat` ikajibu `/home/mimi/.local/bin/csvstat`.

Jumapili

Niliweka kazi jana kwenye `crontab`, ratiba ya cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, iendeshwe saa sita kasoro dakika tano usiku. Leo asubuhi faili la ripoti lipo, lakini ni tupu. Hakuna kosa lililoandikwa popote: cron hutuma malalamiko yake kwa barua, na mashine isiyo na huduma ya barua huyatupa. Nikaongeza `2>&1` mwishoni ili makosa nayo yaingie kwenye faili, nikaisogeza iendeshwe baada ya dakika mbili, nikasubiri.

```
/bin/sh: 1: csvstat: not found
```

Ni lile lile, limebadili kauli tu kwa kuwa anayesema si Bash bali `sh`. Cron haisomi `.profile` wala `.bashrc`, ina orodha yake fupi, `/usr/bin:/bin`. Unaweza kuandika `PATH=` juu kabisa ya crontab, lakini hapo `$HOME` na `$PATH` hazifunguliwi, lazima uandike anwani zote kwa urefu. `sudo`, inayoendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, nayo ina ukaidi wa namna hiyo, inatumia orodha iliyopangwa na msimamizi wa mashine na kupuuza ya kwako. Mimi nimechoka na orodha za watu, nimeandika anwani kamili:

```
55 23 * * * /home/mimi/.local/bin/csvstat /home/mimi/vipimo/$(date +\%F).csv > /home/mimi/ripoti.txt 2>&1
```

Ule mkwaju wa nyuma kabla ya `%` si urembo. Ndani ya crontab alama hiyo peke yake ina maana ya mstari mpya, na bila kuikinga amri ingekatwa katikati ya tarehe.

Jumatatu asubuhi

Ripoti imejaa. Cha chini, cha juu, wastani, vyote vipo. Mstari wa mwisho unasema `Row count: 141`. Siku nzima kwa kila dakika kumi ni vipimo 144. Vitatu vimeangukia mahali fulani kati ya kihisi na diski, na sasa ninaye mwingine wa kumtafuta.