Kurekebisha sauti nisiyoisikia

Sehemu kubwa ya kazi yangu kwenye draiva za sauti za Linux, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuongea na chipu ya sauti, naifanya kimyakimya. Kompyuta yenye tatizo haiko mezani kwangu. Iko kwa mtu nisiyemjua, na masikio ya kuamua kama imekubali au bado ni yake. Mimi ninachoshika ni maandishi: thamani za rejista (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya chipu), namba za pini, logi ya kerneli (kumbukumbu ya yanayotokea kwenye kiini cha mfumo), na maneno ya mtu anayejitahidi kueleza mlio. Mmoja ataandika "inakwaruza", mwingine "inameza maneno", mwingine "inapiga tap kila wimbo ukiisha". Maneno hayo nayasoma taratibu, hata kabla ya kufungua logi. Sauti inayokwaruza mfululizo na inayokatika kila baada ya muda mfupi zina vyanzo tofauti kabisa, na mara nyingi kitenzi kimoja alichokichagua mlalamikaji kinanielekeza kwenye faili husika upesi kuliko kurasa za logi.

Leo nimeshinda na ripoti moja ya laptopu yenye spika nne. Hedifoni zinafanya kazi, maiki iko sawa, spika nazo zinalia. Ila mwenyewe akipunguza sauti, kuna kitu hakipungui. Sauti nyembamba inashuka anavyotaka, besi inabaki palepale. Kwa hiyo kuna saa anasikia mngurumo tu, na usiku hawezi kuitumia mashine bila kuamsha watu. Ni ripoti nzuri sana. Kabla sijafungua faili alilonitumia la alsa-info.sh, skripti inayokusanya taarifa za vifaa vya sauti, nilishakuwa na fununu.

Laptopu za aina hii zinafuata mfumo wa HD Audio ambao Intel iliutoa mwaka 2004. Ndani yake chipu ya sauti, yaani kodeki, inajieleza kama mtandao wa vituo: kuna DAC zinazogeuza namba kuwa umeme, vichanganyaji, na pini zinazotokea kwenye spika na jeki. Draiva inakiuliza kila kituo wewe ni nani na umeunganishwa na nani, halafu inachora njia. Kila pini ina rejista ya biti 32 ya kueleza kilichounganishwa nayo: ni spika au hedifoni, iko ndani au nje, upande upi wa kompyuta, hata rangi ya tundu. Namba 4 ni kijani, 9 ni waridi. Ukishazoea, unaisoma 0x90170110 kama unavyosoma jina: kitu kisichochomoka, kimo ndani, ni spika, hakina uwezo wa kuhisi kuchomekwa. Na 0x411111f0 ni pini isiyokwenda popote.

Anayejaza rejista hizo ni BIOS, programu ya kuwashia mashine inayowekwa na mtengenezaji, na hapo ndipo imani yangu inapopungua. Mtengenezaji wa mashine anayetoa draiva yake mwenyewe kwa mfumo mwingine anajua nyaya zake zimepita wapi, kwa hiyo rejista ikiandikwa ovyo hakuna wa kulalamika kiwandani. Sisi tunaosoma rejista ndio tunaokuta maiki imeandikwa kuwa haipo, au spika ya pili imesahauliwa. Mashine inauzwa ikiwa bubu, na mnunuzi anadhani Linux ndiyo mbovu.

Ya leo lakini BIOS yake imesema kweli. Spika ziko kwenye pini 0x14 na 0x17, zote zimetajwa. Pini 0x17 inaweza kupokea sauti kutoka DAC tatu: 0x02, 0x03 na 0x06. Kichanganuzi cha draiva kikaona jozi mbili za spika, kikaona busara kila jozi ipate DAC yake, na 0x17 ikaangukia 0x06. Nikashuka kwenye orodha ya vituo hadi 0x06 kutazama uwezo wake. Haina amplifaya ya kupandisha na kushusha sauti. Inatoa kila kilichomo kwa nguvu yote, basi. Besi ya yule bwana haikuwa na mlango wa kuishushia.

Dawa yake ni kuificha 0x06 isionekane kwenye orodha ya 0x17, kwa kuita snd_hda_override_conn_list() na kutaja 0x02 na 0x03 peke yake. Baada ya hapo njia inachorwa upya na spika zote zinapita kwenye DAC yenye udhibiti. Msimbo huo tayari umo kwenye kerneli, uliandikwa kwa ajili ya mashine nyingine zilizokuwa na ugonjwa uleule. Kilichobaki ni mstari mmoja kwenye jedwali: namba ya kampuni, namba ya mashine, jina lake, na jina la dawa.

Jedwali hilo nalipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya draiva. Kwa miaka mingi lilikaa ndani ya patch_realtek.c, faili lililovuka mistari elfu kumi, na limepangwa kwa namba ili mistari isigongane. Mgeni akilifungua anaona uchafu: mashine baada ya mashine, dawa zenye majina marefu, nyingine zikifanana kwa kila kitu isipokuwa pini moja. Mara kwa mara anatokea mtu mwenye nia njema anayependekeza yaunganishwe, au dawa ya mashine fulani ipewe familia nzima kwa kuwa "zote ni sawa". Nakataa, na nitaendelea kukataa. Kila mstari uliandikwa kwa sababu mtu fulani alikaa na kompyuta yake, akajaribu kerneli ya majaribio, akasikiliza, akajibu. Mstari ukiondolewa hakuna kipimo cha kiotomatiki kitakachopiga kelele. Kompyuta itanyamaza tu, pengine baada ya mwenye nayo kusasisha mfumo miaka miwili mbele, na atakayepokea ripoti hatajua kwa nini mstari ule ulikuwapo.

Kuna jambo baya zaidi. Namba ya mashine tunayoitegemea kuitambua laptopu si lazima iwe ya kipekee. Yapo matoleo mawili ya laptopu, yenye spika tofauti na amplifaya tofauti, yaliyopewa namba moja kwenye upande wa PCI, njia inayounganisha vifaa ndani ya kompyuta. Dawa ya huyu ni sumu ya yule. Pakitokea hivyo inabidi tuache namba ya PCI na kutafuta namba iliyo ndani ya kodeki yenyewe, tukiomba angalau hiyo itofautiane. Mashine mpya zinaongeza ugumu, maana amplifaya zimehamia kwenye chipu za pembeni zinazoongea kwa nyaya za I2C au SPI, na kuzijua zipo ngapi na zimekaa wapi kunategemea majedwali ya ACPI, maelezo ya vifaa ambayo mashine huupa mfumo, na ambayo yanaandikwa na watu walewale wa BIOS.

Nimeandika mengi kuhusu pini, lakini malalamiko yanayonichosha hasa ni ya muda. Kadi inayocheza kwa 48,000 Hz, stereo, biti 16, inakula baiti 192,000 kila sekunde. Programu inaziweka kwenye bafa ya duara, eneo la kumbukumbu linalojazwa na kurudiwa, na kadi inazichota yenyewe kwa DMA, bila kupitia kwa prosesa. Bafa imegawanywa vipindi. Kipindi kikiwa cha fremu 1,024, kadi inatoa intarapti (ishara ya kuiita prosesa) kila milisekunde 21 hivi kusema kimekwisha, draiva inaita snd_pcm_period_elapsed(), na ALSA, mfumo wa sauti wa kerneli, inauliza: umefika wapi? Kila kitu kinasimama juu ya jibu hilo. Draiva ikisema kadi imefika mbele kuliko ilipo, programu itaandika juu ya sauti ambayo bado haijachezwa. Ikisema iko nyuma, programu itachelewa kujaza na kadi itacheza masalia.

Sasa chukua kidhibiti ambacho intarapti yake inafika mapema, kabla pointa, alama ya mahali kadi ilipofika, haijasogea. Unauliza kadi, inakujibu bado haijamaliza kipindi, ilhali yenyewe imekugongea mlango kusema imemaliza. Draiva ya HD Audio inalifahamu hilo. Jibu lisipoingia akilini inaahirisha taarifa na kwenda kuuliza tena baadaye kidogo kabla ya kuiambia ALSA. Vilevile pointa yenyewe inaweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja, ama kwenye rejista ya LPIB au kwenye eneo la kumbukumbu ambalo kidhibiti kinaandika mahali kilipofika, na ndiyo maana ipo chaguo la position_fix. Ripoti za namna hii huja na logi safi kabisa. Hakuna kosa lililoandikwa. Kuna mtu tu anayesema sauti inagugumia.

Na ile "tap" ya wimbo ukiisha? Hiyo ni kubana umeme. Kodeki ikikaa kimya muda fulani tunailaza, na volti ya kwenye spika ikibadilika ghafla, spika inaruka. Njia ya mkato ni kuzima ubanaji kwa mashine hiyo, na orodha ya mashine za aina hiyo ipo. Mimi huichukua mwisho kabisa. Betri inayoisha mapema inamuumiza kila mwenye mashine ile, hata asiyewahi kuusikia mlio, kwa hiyo kwanza natafuta mpangilio wa kuzima: nyamazisha pini, subiri, ndipo ulaze DAC. Mara nyingi inatosha.

Watu huniuliza kwa nini bado tunatunza draiva za kadi ambazo hazina hata mahali pa kuchomekwa kwenye kompyuta za sasa. ALSA ilianza mwaka 1998 chini ya Jaroslav Kysela, na mizizi yake ni draiva ya Gravis UltraSound, kadi ya sauti ya zamani. Iliingia kwenye kerneli ya majaribio 2.5 mwaka 2002, ikachukua nafasi ya OSS, mfumo wa sauti uliotangulia, katika toleo 2.6, Desemba 2003. Draiva ya Gravis bado imo, kwenye sound/isa/gus. Ndani ya kerneli sheria ni kwamba anayebadilisha kiungo cha ndani ndiye anayewarekebisha wote wanaokitumia, kwa hiyo kila tunapobadilisha namna ya kunakili data au ya kufunga kufuli, kadi ile ya zamani inaguswa pia. Naigusa kwa uangalifu uleule. Hakuna wa kunipimia, basi nabadilisha kidogo iwezekanavyo, nahakikisha inajengeka bila onyo, na nasoma kila mstari mara ya pili nikijiuliza kama mpangilio wa kuandika rejista umebaki ulivyokuwa. Na zile kadi zina faida nyingine: zinatukumbusha kwamba muundo wa katikati haukuandikwa kwa ajili ya HD Audio peke yake. Draiva za USB zinathibitisha hilo kila siku. Kule mtumiaji anachomoa kadi wakati programu inacheza, na lazima kumbukumbu isiachiliwe kabla wa mwisho hajaondoka. Hitilafu nyingi za namna hiyo zimefichuliwa na syzkaller, programu inayorushia kerneli maombi ya ajabuajabu usiku na mchana, na kila moja iliyozibwa ni mlango wa shambulio uliofungwa.

Mwaka 2025 msimbo wa HD Audio ulihamishwa kutoka sound/pci/hda kwenda sound/hda, na lile faili kubwa likagawanywa. Nililifurahia, kwa kuwa sasa mtu anaweza kusoma dawa za familia moja ya kodeki bila kupotea. Gharama yake inalipwa na watu wa matoleo ya muda mrefu. Kiraka cha leo, yaani badiliko langu la msimbo, hakiingii moja kwa moja kwenye kerneli za zamani, kwa sababu faili linalotajwa kule halipo, na watumiaji wengi wako hukohuko kwenye kerneli za zamani. Hivyo mstari wangu mmoja unabidi uandikwe upya kwa matawi yale ya msimbo, ukiwa na alama ya Cc: stable, ya kuomba uingizwe kwenye matoleo hayo pia, na maelezo yanayojitosheleza. Maelezo ya kiraka nayachukulia kwa uzito kuliko kiraka chenyewe. Atakayekisoma baadaye hatakuwa na ripoti mkononi, kwa hiyo nimeandika kwamba 0x06 haina udhibiti wa sauti, na kwamba besi ndiyo iliyokuwa haishuki.

Mwenye laptopu amejibu kabla sijazima mashine. Besi sasa inafuata kitufe, na ameruhusu jina lake liwekwe kwenye Tested-by, mstari wa kumtaja aliyekijaribu kiraka. Ameuliza pia kuhusu taa ya kwenye kitufe cha kunyamazisha maiki, ambayo haijawahi kuwaka. Huenda iko kwenye GPIO ya kodeki, pini ya kuwasha na kuzima vitu vingine, huenda iko kwenye rejista ya siri ya chipu. Nimemtumia amri za hda-verb za kujaribu GPIO moja moja, nikamsihi ashushe sauti kabisa na kuvua hedifoni kwanza, kwani kwenye mashine nyingine GPIO hizohizo ndizo zinazowasha amplifaya.