Mkoa unaoitwa Maharage: nilivyohangaika na jedwali la bei

Mama mdogo anauza nafaka kwa jumla Morogoro. Kila asubuhi simu: "Mwanangu, hebu niangalizie mahindi Mbeya leo bei gani." Nafungua ukurasa wa bei za mazao, nasoma, namtajia. Baada ya mwezi mmoja nikaona aibu. Mimi si ndiye ninayejitapa kwamba najua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta? Si iusome ukurasa huo badala yangu?

Kaka mmoja kazini akanicheka: "Dogo, mistari miwili tu. Ita requests.get, ikuvutie ukurasa, umemaliza." Nikaita. Ikarudi 200, yaani ukurasa umepatikana, nikachapisha maandishi, nikaona Mbeya na mahindi humo humo ndani. Nikampigia mama mdogo kumtangazia ushindi.

Ushindi gani! Nilichokuwa nacho ni utepe mmoja mrefu wa herufi. Mimi nikifungua kivinjari naona jedwali kwa sababu kivinjari kimeshanifanyia kazi ya kulichambua. Python ilikuwa imebeba mzigo tu bila kuufungua.

Nikarudi kwa kaka, akanipa ushauri wa pili, mbaya kuliko wa kwanza: tumia rejeksi, yaani kanuni ya kusaka mpangilio fulani wa herufi, tafuta kila kilicho kati ya alama za seli ya jedwali, <td> na </td>. Siku tatu ikaenda vizuri. Siku ya nne nikapata orodha tupu, maana wenye ukurasa walibadilisha tegi, yaani ile alama ya kufungulia seli, ikawa <td class="bei">. Nikatia kiraka. Kesho yake seli moja ikaandikwa kwa mistari miwili, na nukta ya rejeksi haivuki mstari mpya usipoiamuru. Kiraka kingine. Bando la elfu tano tano sikumbuki nilimaliza mangapi.

Ndipo nikaenda kwa BeautifulSoup, maktaba ya Python ya kuchambua kurasa za wavuti, nilikopaswa kuanzia. Ukiisakinisha andika beautifulsoup4. Jina bila hiyo 4 ni toleo la kale, litakugombeza. Ukiipa yale maandishi inakurudishia mti: jedwali, ndani yake safu za mlalo, ndani ya safu seli. Tegi iwe na class isiwe nayo, haijali.

Sasa sikiliza maajabu. Skripti, yaani hiyo programu yangu fupi, ikaniletea taarifa kwamba kuna mkoa unaitwa Maharage, na zao lake kuu ni "210,000". Nilikodoa macho jioni nzima. Kumbe jina la mkoa limeandikwa mara moja tu, likapewa rowspan="3" ili lifunike mazao matatu. Kwa macho limenyooka kabisa, lakini kwenye HTML, yaani maandishi ya ndani ya ukurasa wenyewe, safu ya kwanza ina seli nne na mbili zinazofuata zina tatu tatu, kila kitu kimesogea hatua moja kushoto. Dawa niliitunga mwenyewe, na naringa nayo hadi leo: safu ikiwa na seli nne, mkoa uhifadhiwe pembeni, ikiwa na tatu, ule uliohifadhiwa uchomekwe mbele. Mistari minne tu ya programu. Kaka alipoiona alinyamaza.

Nikaongeza madoido: skripti iseme mahindi yana bei kubwa zaidi wapi. Nikamsomea mama mdogo kwa sauti ya mtaalamu, gunia 98,000, ndiyo bei ya juu kuliko zote, inafuata 115,000. Kimya. Kisha: "Mwanangu, tisini na nane inaipitaje laki na kumi na tano?"

Nilikuwa nalinganisha maandishi, si namba, na kwa maandishi 9 inaishinda 1 palepale mwanzoni, basi. Ondoa mkato kwanza, halafu ndiyo uite int() igeuze maandishi kuwa namba, la sivyo utakula kosa la ValueError. Na zile seli zenye kistari peke yake, siku ambazo soko halikuleta bei, ziruke. Usizifanye sifuri kama mimi, mama mdogo alidhani kuna mahali mahindi yanagawiwa bure.

Siku hizi skripti inajiendesha saa 12 asubuhi na kumtumia ujumbe. Saa 12 na nusu ananipigia kuuliza kama nimeangalia kwa macho yangu.