Walinikataza kuchuria, nikawapa karatasi

Nimefanya kazi ya kupanga miradi kwa miaka mingi, na mara nyingi nikiuliza itakuwaje vifaa vikichelewa, au nani atashika kazi akiugua yule anayeijua peke yake, huambiwa, "Usituchurie." Mkuu wangu mmoja alinishauri, kwa nia njema kabisa, nijisemee maneno ya matumaini kila asubuhi hadi yanikae moyoni. Ushauri huo unanikera hadi leo, kwa sababu unachukulia kwamba anayetazamia mabaya hataki kazi ifanikiwe, ilhali mimi nayahesabu mabaya kwa kuwa nataka ifanikiwe.

Wanasaikolojia Julie Norem na Nancy Cantor waliandika mwaka 1986 kuhusu watu wanaojiwekea matarajio ya chini na kupitia kichwani yote yanayoweza kuharibika, hata wasiwasi wao ukawa ndiyo maandalizi yao. Watu hao walipohakikishiwa kwamba watafanya vizuri, walifanya vibaya zaidi. Niliposoma hayo niliacha kujitibu nisichougua, nikaanza kutafuta namna ya kufanya hofu zangu zisikike.

Namna hiyo nilimwiga mwanasaikolojia Gary Klein, aliyeieleza mwaka 2007. Kumwuliza mtu anaona hatari gani, mkuu wake akiwa amekaa palepale, ni kuomba kimya. Kwa hiyo niligawa karatasi na kusema: "Mwaka umepita, na mradi huu umeshindikana kabisa. Andika umeshindikana kwa nini." Niliweka masharti kwamba asiandike mtu jina lake, mkuu naye aandike, na hoja yoyote isijibiwe kabla zote hazijasomwa kwa sauti. Sharti la mwisho lilipingwa sana, nami nililing'ang'ania, kwa sababu hoja ya kwanza ikishajibiwa kwa ukali, zinazofuata hazisomwi tena kwa utulivu. Karatasi zilijaa pande zote mbili. Moja ilisema mitambo itafika na hakuna atakayekuwa amefunzwa kuitumia. Nyingine ilisema malipo yatakwama kwa kuwa mwenye kuidhinisha hana wa kumkaimu. Hayo yote watu walikuwa wakiyajua siku zote, wakiwemo wale walionikataza kuchuria. Tulitanguliza mafunzo, tukateua kaimu, na mitambo ilipochelewa kweli kazi haikusimama.

Anayedhani haya ni mambo ya ofisi ndogo tu atazame ya umma. Jumba la opera la Sydney lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia na kukamilika mwaka 1963. Lilifunguliwa mwaka 1973, likiwa limegharimu milioni 102. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha angani cha Marekani, Challenger, walionya kwamba baridi ingedhoofisha vizibo vya roketi hizo. Wakubwa wao waliamua kinyume, chombo kikarushwa na kusambaratika angani, na watu 7 waliokuwemo wakafa. Wahandisi wale walikuwa na sababu na takwimu mkononi, na bado walionekana kama watu wanaokwamisha safari.

Nasisitiza sababu, kwani simtetei yule anayesema "haiwezekani" kisha akakunja mikono. Huyo amekata tamaa, na huchosha ofisi nzima. Hofu iletwe ikiwa na jina la kitu kitakachoharibika na pendekezo la kukizuia, tena iletwe kabla ya uamuzi kutiwa saini. Baada ya hapo mimi hufanya kazi kama wengine, bila kununa.

Kuna jambo moja ambalo sijalilazimisha. Mbele ya wafadhili huzungumza mwenzangu mwenye matumaini, kwa maana ana kipaji hicho na mimi sina haja ya kumnyang'anya. Mimi hukaa pembeni na jedwali la gharama, na wakiuliza tutafanya nini fedha zikichelewa, yeye hunigeukia, na jibu huwa limeshaandikwa.