Siku moja maishani mwangu: michezo minne mifupi, waongozaji wanne wanafunzi, jukwaa moja

Mi ni stejimeneja, yaani msimamizi wa jukwaa, na leo ndo usiku wa michezo mifupi, ile ya sehemu moja inayoanza na kuisha bila pazia kufungwa katikati. Iko minne, kila mmoja una mwongozaji wake mwanafunzi, na kila mwongozaji anaamini watu wanakuja kuangalia wa kwake.

Saa 3 asubuhi. Nafungua ukumbi, nafagia jukwaa mwenyewe maana kuna muigizaji anacheza peku na msumari mmoja tu unatosha. Alafu naanza na tepu za sakafuni. Kila mchezo una rangi yake, nyekundu, njano, bluu, kijani, na kila mguu wa meza una alama yake pale unapotakiwa kukaa. Alama za kufuatwa gizani nazibandikia kipande cha tepu inayong'aa, kidogo sana, ukizidisha watu wanaona sakafu imejaa nyota.

Saa 5. Taa. Hamna muda wa kufunga taa upya kwa kila mchezo kwa hiyo fundi kafunga mpango mmoja wa wote, mwanga wa joto, mwanga wa baridi, kushoto kati na kulia, kila mwongozaji anachanganya humohumo na anaongezewa taa mbili tu za kwake. Kuna mmoja kaja na mchoro wa taa kumi na moja. Nikamwambia mdogo wangu, chagua mbili. Na kusema kweli alizochagua zimeubeba mchezo wake kuliko ule mchoro wote.

Saa 7 mchana. Mazoezi ya kyu, yaani ishara ninazotoa ili taa ibadilishwe, kila moja ina namba yake. Hatuchezi mchezo mzima, muigizaji anasema mstari wa mwisho kabla taa haijabadilika, tunabadilisha, tunaruka mpaka kyu inayofuata. Waigizaji wanaichukia saa hii kupita kiasi. Sehemu kubwa ya muda naiweka kwenye kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, na hapa ntabishana na yeyote yule: usiku wa michezo mifupi haufii ndani ya mchezo, unafia katikati. Giza likikaa dakika mbili watu wanatoa simu, na mtu akishatoa simu mchezo unaofuata unaanza kwa kumuomba arudi. Ndo maana anayeingia na kiti lazima atoke na ndoo, hatoki mtu mikono mitupu, na meza ya mchezo wa kwanza inatandikwa shuka inakuwa kitanda cha wa tatu. Hata mpangilio wenyewe unatokana na hilo, wenye vyombo vingi unakuwa wa kwanza kwa sababu unapangwa watu wakiwa bado nje, na wa kuchekesha tumeuweka mwisho.

Huo wa kuchekesha ni Dubu wa Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, wa mwaka 1888. Mwongozaji wake alidhani kwa vile Chekhov alifariki 1904 basi hamna wa kumuomba ruhusa, kumbe tafsiri nayo ina mwenyewe, ikabidi wiki kadhaa nyuma atafute ruhusa ya mtafsiri. Sasa mle kuna bastola mbili, mjane na mtu anayemdai wanataka kupigana alafu inaishia kwenye mapenzi. Ni za bandia kabisa lakini zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli, funguo ninayo mimi, namkabidhi muigizaji mkononi na akitoka ananirudishia mkononi. Meza ya vifaa haizioni.

Saa 12 na dakika 25 jioni. Naita "nusu saa". Wageni kwenye kazi wanashangaa, onyesho ni saa 1 kamili, mbona dakika 35? Kwa sababu waigizaji wa mwanzo lazima wawe kwenye nafasi zao dakika 5 kabla, nusu saa inahesabiwa kuanzia hapo kurudi nyuma.

Saa 1. Hedseti sikioni. "Taa 22, stendibai," yaani kyu ya taa namba 22, kaa tayari. Fundi ananijibu, "Stendibai." Muda ukifika nasema, "Taa 22, go." Hilo neno go halitamkwi hovyo, hata kwa utani, kuna mkono upo juu ya kitufe unalisubiri. Mchezo wa pili muigizaji karuka ukurasa mzima, mwenzake kampokea hukohuko alikorukia wala hajashtuka, na mimi nafunua skripti huku nasema ruka 31, ruka 32, stendibai 33. Ukumbi haukujua. Mwongozaji alijua, akaja nyuma yangu anahema, "Dada, wamekula kile kimya changu!" Nikamwambia nenda kakae na watazamaji, kazi yako iliisha jana. Hili ndo gumu kwao kuliko yote, muigizaji ana mistari, fundi ana vitufe, mwongozaji usiku wa onyesho hana hata cha kushika.

Saa 3 na nusu usiku. Watu wametoka, tunabomoa. Bastola kwenye sanduku, funguo mfukoni, tepu zote zinabanduliwa maana kesho asubuhi kuna wengine wanaingia humu. Naandika ripoti: ukurasa uliorukwa, mguu wa kiti umelegea, kubadilisha kwa tatu kumekula dakika moja na sekunde arobaini. Yule wa taa kumi na moja kaniuliza mwakani naweza kumpa tatu. Nimemwambia alete mchoro kwanza.