Panya buku hawakutendewa haki kwenye Redwall

Kuna kitabu kinaitwa Redwall, kilitoka Uingereza 1986, mwandishi ni Brian Jacques wa Liverpool, na huku Mwanza sidhani kama wengi wamekisikia ila mi nakwambia vita ya kuzingira ukuta iliyomo humo inazipita muvi nyingi sana tulizokaa kuzitolea macho kwenye vibanda umiza. Nimekimaliza juzijuzi kwa kuwasomea wapwa zangu, nasoma kizungu kimyakimya alafu nawasimulia kwa Kiswahili, na tulivyomaliza ukazuka ubishi ndani ya nyumba ambao mpaka leo haujaisha. Nauleta hapa maana mi mwenyewe nimeshahamia upande wa watoto.

Stori iko hivi. Kuna abasia msituni, ukuta wake mawe mekundu, wanaishi panya wadogo watawa wenye majoho na makubazi, kazi yao kulima, kufuga nyuki, kutibu wagonjwa, na wameapa kutomdhuru mtu isipokuwa adui anayekuja kuwadhuru. Abate wao mzee Mortimer anafanyiwa sherehe ya jubilei, watu wanakula mpaka basi, na usiku huohuo kwenye barabara inayopita nje ya ukuta linapita mkokoteni wa nyasi, farasi kapagawa anakimbia hovyo na juu yake wamejaa panya buku. Bosi wao anaitwa Cluny, chongo, mkubwa kuliko panya yeyote uliyewahi kumuona jikoni kwako, mkia wake anautumia kama mjeledi na vitani anauvalisha mwiba wa sumu. Anaiona ile abasia anasema hii ni yangu. Basi hapo ndo wanyama wa msituni wanaanza kukimbilia ndani na geti linafungwa.

Abasia huku ziwani hatuna, za kwetu Tanzania ziko kusini, Peramiho na Ndanda huko, kwahiyo watoto niliwaambia chukueni misheni ya Bukumbi mliyoiona, izungushieni ukuta mwekundu mrefu, wekeni na bwawa la samaki katikati. Wakaelewa fasta. Bwawa la samaki ndo liliwapa shida, maana mwanzoni kabisa panya kijana Matthias, ndo shujaa wa stori, anavua samaki mmoja mkubwa kwa ajili ya sherehe na wote wanamshangilia, sasa mdogo wa miaka saba akauliza anko, si umesema hawa hawali wanyama, samaki je? Nikasema humo samaki hahesabiki. Akaniangalia tu. Huku kwetu Igogo ambako ukitoka nje unalitazama ziwa na harufu ya dagaa inakufuata mpaka kitandani ni ngumu kumwambia mtoto samaki hahesabiki.

Kitu kimoja kuhusu huyu Jacques ambacho naona kinaeleza kwanini kitabu kinasimulika vizuri: alikuwa dereva wa gari la maziwa, akawa anapeleka maziwa kwenye shule ya watoto wasioona pale Liverpool, akaanza kuwasomea, vitabu alivyovikuta havikumfurahisha akaamua aandike cha kwake. Kwasababu wasikilizaji wake walikuwa hawaoni, kila kitu kwenye kitabu kina harufu, kina sauti, kina ladha, huambiwi tu wamekula, unaambiwa jibini ya namna gani imewekwa karanga gani na nani kamwaga mchuzi kwenye joho. Na hakuwa hata na mpango wa kukichapisha, mwalimu wake wa zamani ndo alikichukua akakipeleka kwa wachapishaji bila kumwambia. Sasa sisi tulikuwa tunasoma zaidi umeme ukikatika, tochi ya simu imeelekezwa kwenye kurasa, wao wamelala chali kwenye mkeka hawaoni kitu, kwahiyo kitabu kilikuwa kimekuja mahali pake kabisa.

Mama yangu, yaani bibi yao, alikuwa anajifanya hasikilizi. Anachambua mchele wake pale mlangoni. Siku Cluny anapandisha watu wake ukutani, fisi maji na wenzie wanawashusha kwa mawe ya kombeo, kalunguyeye anakimbizana na vyakula, mafuko wameweka masikio chini wanasikiliza kama kuna handaki linachimbwa, mama akasema bila kuinua kichwa, "Si ndo sungusungu hao." Akaanza kuwahadithia watoto miaka ya 80 mwanzoni huko Usukumani, wezi wa ng'ombe walivyokuwa wanaingia na bunduki usiku, serikali iko mbali, wanaume wakajipanga wenyewe na pinde na filimbi, yowe likipigwa kijiji hiki linapokelewa kijiji cha pili mpaka mwizi anakosa pa kutokea. Kitabu kikawekwa chini kwa muda mrefu siku hiyo. Mpwa wangu mkubwa, yupo darasa la tano, akamuuliza bibi, sasa wao walikuwa wanajuaje nani mwizi? Mama akajibu walikuwa wanajua tu. Mtoto akasema "mmh". Ile mmh ndo ilikuja kuzaa ubishi wote, mi sikujua.

Tuendelee na vita maana ni tamu. Cluny si mjinga. Anajaribu kuingia kwa ubao kutoka juu ya mti, unamwangusha anaumia vibaya. Anatengeneza mnara wa kuzingiria, unachomwa moto. Anachimba handaki, wale mafuko wameshamsikia, waliotoka upande wa pili wakakutana na maji ya moto. Hapa watoto walishangilia sana mpaka jirani akagonga ukuta. Kuna na nyegere mmoja mama mtu mzima anaitwa Constance, huyo ndo nguvu ya abasia, anasaidiana na mnyama mwingine kutengeneza upinde mkubwa kuliko wao, wakalenga hema la Cluny, wakaua msaidizi wake aliyekuwa kajivalisha mavazi ya bosi anajikweza. Majivuno yake yalimponza huyo.

Ukuta haukushindwa. Kilichoshindwa ni kitu kingine, na hii ndo sehemu ninayoona Jacques aliandika kwa akili nyingi kuliko sehemu nyingine zote. Kuna panya mmoja mdogo wa msituni, Plumpen, si shujaa, hana cheo, hana hata maneno mengi. Cluny kamkamatia familia yake. Kaambiwa utafungua mlango usiku au hao basi. Akafungua. Abasia yote ikatekwa usingizini, baada ya zile ngazi na moto na maji yanayochemka.

Hapo tochi ikazimwa tukaanza kubishana. Mdogo anasema msaliti, apigwe. Mkubwa anasema we ungekuwa mama ndo kashikiwa kisu ungefanyaje. Mdogo akakaa kimya alafu akaanza kulia, ikabidi tuahirishe. Mi nilikuwa najua kuna msaliti wa kweli kwenye kitabu, yule mbweha Sela anayejifanya mganga, anawauzia siri Cluny na abasia wote wawili kwa wakati mmoja, hiyo ni dili, hakuna aliyemshikia mtoto wake. Huyu Plumpen si wa kuwekwa naye fungu moja na ukimsoma vizuri unaona mwandishi hamchukii. Kamwelewa.

Basi kesho yake mkubwa akaja na swali lake, limepikwa usiku kucha. "Anko, kama Plumpen kafanya ubaya kwa kulazimishwa, wale panya buku je? Si na wao Cluny anawapiga na mkia?" Na ni kweli. Kitabu kinasema wazi, Cluny anawachapa, anawaua watu wake mwenyewe wakimchelewesha, wengine kaokota njiani kawaambia ujiunge au ufe. Lakini hakuna panya buku hata mmoja kwenye lile jeshi ambaye mwandishi anasimama akasema huyu naye ana mama yake huko. Wote wabaya. Panya mdogo akizaliwa ni mwema, kindi mwema, fuko mwema, panya buku na cheche na mbweha wamezaliwa hivohivo.

Na utamwambia nini mtoto wa Kitanzania kuhusu panya buku? Wameshafundishwa shuleni kuhusu wale wa Morogoro, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO wanaowafundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Magawa alizaliwa na kufundishwa hapahapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71, na 2020 wakampa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, panya wa kwanza kupewa. Alikufa Januari 2022, na gazeti lilimwandika. Mpwa wangu akasema hao Waingereza wa medali na huyu wa kitabu wangekaa waongee kwanza hahaha. Sikuwa na la kujibu.

Kuna wanaosema aaah ni stori ya watoto, lazima wabaya watambulike haraka ili vita iende. Ningekubali, ila huyuhuyu Jacques ndani ya kitabu hikihiki katuwekea paka. Paka! Matthias akiwa safarini kutafuta upanga wa shujaa wa zamani anakutana na paka mwekundu anaishi kwenye banda la shamba lililoachwa, panya anajua leo nimekwisha, kumbe paka mwenyewe mzee wa heshima zake, anasema nyama hiyo hata tumbo lake haliipendi, anampa msaada na njia anamwonyesha. Kwahiyo paka, ambaye kwa panya ni kifo chenye manyoya, kapewa nafasi ya kuwa mwema. Na panya buku je, mtu wa ukoo kabisa na hawa watawa, kanyimwa. Mi hapo ndo nilihamia kwa watoto rasmi.

Mwisho wa vita sikwambii wote, nenda kasome, ila upanga unapatikana kutoka kwa nyoka, shomoro wanaingia vitani, na kengele kubwa ya abasia inafanya kazi ambayo haikutengenezewa. Abate anakufa. Watoto hawakulikubali hilo kabisa, mdogo alitaka nirudie nione kama nimesoma sawa.

Kuhusu ule ubishi, nilichimba kidogo. Jacques aliandika vitabu 22 vya hii abasia mpaka anafariki 2011, na inaonekana kuna watu walimuuliza au alijiuliza mwenyewe, maana 1994 kwenye The Bellmaker kuna panya wa baharini anaitwa Blaggut, haramia, mshamba fulani hivi, anaingia abasia na kapteni wake kwa nia mbaya, alafu anawapenda watoto wa pale na wao wanampenda, na kapteni anapoua mlezi wao Blaggut ndo anayemmaliza kapteni. Mwaka uliofuata akatoa kingine, Outcast of Redwall, cheche mchanga analelewa abasia toka kichanga, na humo kaweka swali lenyewe mezani ingawa jibu alilotoa mi halijaniridhisha, anamfanya mtoto anakuwa mwizi mapema mno, nafasi yenyewe hajapewa vizuri. Nimemwambia mpwa wangu habari ya Blaggut nikidhani nimemaliza kesi.

"Mmoja tu? Kwenye vitabu 22?"

Mama kutoka mlangoni: "Mjibu mtoto."

Sasa hiyo The Bellmaker sina, Redwall yenyewe niliipata kwa bahati kwa jamaa wa vitabu vya mtumba mjini, kava limechanika na kurasa za mwanzo zina madoa ya chai. Mwenye nacho hapa Mwanza au hata Bukoba, Musoma, anicheki, nitakirudisha, na kama unataka kubadilishana nina vitabu vingine vya watoto vya Kiswahili viko kwenye hali nzuri kabisa.