Blanketi la makombe na nusu kombe lililonitesa

Aliyeanzisha ni binti yangu wa miaka 6. Aliona picha ya blanketi la kroshia lililofumwa kwa makombe, yaani mishono yenye umbo la kombe la baharini, akaweka kidole juu yake, akasema, "Mama, hili." Hakuuliza kama naweza. Siku chache baadaye mtoto wa kaka yangu, mvulana wa miaka 13, akaja kukaa kwetu wakati wa likizo. Alinikuta nimejaa nyuzi mapajani, akazunguka zunguka, mwisho akauliza kama mtu asiyejali: "Shangazi, na wakubwa unawafumia?" Nikamwambia nitamfumia. "Sawa. Ila lisiwe la kitoto."

Basi nikawa na mablanketi mawili ya mshono mmoja kwa watu wawili wasiolingana. Na mimi hadi siku hiyo nilikuwa mtu wa vitambaa vya meza na kofia. Kitambaa kikienda upande unakivuta kidogo, unaweka chombo cha maua juu, nani atajua? Blanketi halina pa kujificha. Likitandikwa tu kitandani, kila kosa lako liko wazi.

Kombe lenyewe si gumu. Mishono mirefu 5 inaingia kwenye tundu moja na kufunguka kama pepeo la mkono. Unaruka vitanzi 2, unapiga mshono mfupi 1 wa kulifunga, unaruka 2 tena, unaanza kombe jingine. Safu inayofuata mambo yanabadilishana: mshono mfupi unakaa kileleni mwa kombe, yaani juu ya mshono mrefu wa 3 katika ile 5, na kombe jipya linaota juu ya mshono mfupi wa safu ya chini. Ndiyo maana yanapishana kama magamba ya samaki, na ndiyo maana hayaachi matundu makubwa. Hilo la matundu lilinifurahisha, kwa sababu binti yangu ana vidole vya miguu vinavyotafuta pa kupenya usiku kucha.

Maelekezo ya kwanza niliyoyafuata yalinichezea. Niliona makombe yanatoka marefu, yamelegea kama masikio ya sungura, nikadhani mkono wangu ndio mbaya. Kumbe yaliandikwa kwa majina ya Uingereza, nami nilikuwa nimejifunza ya Marekani. Mshono mrefu unaoitwa dabo Marekani, Uingereza huitwa trebo. Na dabo ya Uingereza ni ule mshono mfupi, ambao Marekani huitwa singo. Kwa hiyo mishono yote niliyofuma ilikuwa imepanda daraja moja. Tangu siku hiyo, kabla ya kushika sindano natafuta kwanza kama maelekezo yanataja neno "singo". Yakilitaja ni ya Marekani, maana Waingereza kwa kawaida hawana singo.

Nikaanza upya, safari hii na sampuli. Zamani nilikuwa naona sampuli ni kazi ya watu wenye muda. Uzi ulikuwa akriliki wa unene wa kati, mabonge ya gramu 100, na sindano ya milimita 5.5. Nilipiga mnyororo wa vitanzi 26, nikapata makombe 4, nikafuma safu 10. Nikalaza mezani bila kuvuta, nikaweka futi ya cherehani: upana sentimita 18, urefu 15. Maana yake kombe langu moja lina sentimita 4.5, na safu moja ina 1.5. Namba hizo mbili ndizo zilizofanya kazi yote iliyobaki.

Halafu nikampima mtoto. Sikumpima utosini hadi chini, kwa sababu hakuna anayejifunika uso (labda yeye, akiambiwa muda wa kulala umefika). Nilimlaza chali nikapima kutoka kidevuni hadi nyayoni: sentimita 98. Nikaongeza 27 za kukunjia chini na za kukulia, ikawa 125. Upana nilitaka 105, lifunike godoro lake la sentimita 90 na lishuke kidogo kila upande.

Sasa, blanketi la makombe halitoi sentimita unazotaka wewe. Linakwenda kwa kombe zima. Ukigawa 105 kwa 4.5 unapata 23 na kitu, na hicho kitu hakifumiki. Nikachukua makombe 23. Kila kombe linakula vitanzi 6, kisha unaongeza 2 vya kuanzia: 23 mara 6 ni 138, na 2 ni 140. Urefu ni safu 83.

Mnyororo wa 140 niliupiga kwa mkono uliokaza, kama ninavyofuma kofia. Safu ya tano nikaona upande wa chini unajikunja kama mdomo wa mfuko wenye kamba. Mishono ya juu inataka kutanuka, mnyororo unakataa. Nilijidanganya kwamba kufua kutalainisha, nikafuma safu nyingine tatu kwa ubishi, kisha nikafumua zote. Mara ya pili nilipiga mnyororo kwa sindano ya 6.5, nikarudi kwenye 5.5 kuanzia safu ya kwanza. Ukalala sawasawa. Na kila baada ya vitanzi 30 nilichomeka pini, ili mtoto akiniita katikati ya hesabu nisirudi kwenye moja.

Likaja lile lililonitesa kweli: nusu kombe.

Safu za makombe ziko za aina mbili na zinapokezana. Ya kwanza inaanza kwa mshono mfupi na kuishia kwa mshono mfupi, na katikati yake yako makombe 23 kamili. Ya pili inaanza kwa vitanzi 3 vya kupandia na mishono mirefu 2 kwenye tundu hilohilo, yaani nusu kombe. Inakwenda na makombe 22, kisha inatakiwa kuishia kwa nusu kombe jingine, mishono mirefu 3 juu ya ule mshono mfupi wa mwisho kabisa. Huo mshono mfupi wa mwisho hujificha. Unajikunja nyuma ya kombe la pembeni, mdogo kama punje ya mchele, na ukiwa umechoka unamaliza kileleni mwa kombe la mwisho, unageuza kazi ukijua umefika.

Mimi niligeuza hivyo mara tano. Usiku nafuma, mbele ya taa hafifu, huku nasikiliza mazungumzo ya watu wengine. Safu ya 27 binti yangu alijifunika kujaribu, akasema, "Mama, huku limenenepa na huku limekonda." Nikacheka, kisha nikachukua futi. Chini 104, juu 93. Nikashika tama. Sentimita 11 zilizopotea zilikuwa nusu kombe tano, kila moja kama sentimita 2.25. Hata kosa lilikuja na hesabu yake kamili.

Kufumua safu 17 kunauma, sitadanganya. Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kama tambi, na akriliki ukiuvuta kwa hasira unachanika nywele. Nilifumua taratibu hadi safu ya 10, ya mwisho iliyokuwa na namba kamili, huku binti yangu akinisaidia kukunja bonge na kuniambia "pole" kila safu. Kuanzia hapo niliweka pini moja ya rangi kali kwenye mshono wa mwisho wa kila upande, nikaihamisha juu kila safu. Pia nikaacha kuhesabu mishono. Nilihesabu makombe tu, mwisho wa kila safu, kwa kidole: 23, safu inayofuata 22 na nusu mbili. Ilichukua kama nusu dakika, na sikufumua tena hadi mwisho wa blanketi hilo.

Safu moja ilinichukua kama dakika 17. Kwa safu 83 hiyo ni zaidi ya saa 23, na bado sijahesabu nilizozifumua.

La kijana nililianza kwa kiburi, maana nilijiona nimeshaiva. Kidevu hadi nyayo alikuwa 133. Nikapanga urefu 155, safu 103, na upana wa makombe 28, karibu sentimita 126, kwa sababu vijana hawalalii blanketi tu, wanajifunga mabegani wakikaa. Mnyororo wa 170. Kuhusu "lisiwe la kitoto", nilimpa achague mwenyewe, akachagua bluu iliyokolea na kijivu, milia mipana ya safu 10 kila mmoja. Mshono ni uleule wa mdogo wake. Kumbe utoto haukuwa kwenye makombe, ulikuwa kwenye waridi na manjano.

Kosa langu likawa kwenye uzi. Blanketi la binti lilikula mabonge 6 na nusu. Nikajisemea, hili limezidi kidogo upana na kidogo urefu, mabonge 8 yanatosha. Niligundua nikiwa kwenye bonge la 7 kwamba mbele kuna safu zaidi ya 25. Nikachukua karatasi nikafanya hesabu niliyotakiwa kuifanya mwanzo: 104 kwa 125 ni 13,000. 126 kwa 155 ni 19,530. Ni mara moja na nusu. Sita na nusu mara moja na nusu ni karibu 10. Ukiongeza sentimita 22 huku na 30 kule, macho yanaona nyongeza ndogo, ila uzi unahesabu eneo.

Mabonge mawili niliyoongeza yalikuwa na jina lilelile la rangi, lakini namba ya pipa la rangi, ile iliyochapishwa kwenye karatasi ya bonge, ilikuwa nyingine. Kijivu hakikuwa na shida. Bluu mpya ilikuwa imepauka kidogo. Mchana huioni, chini ya taa unaiona. Kwa bahati nilikuwa bado na bluu ya zamani, kwa hiyo mlia wa mwisho wa bluu nilifuma safu 2 za zamani, 2 za mpya, nikizipokezana. Mpaka kati ya bluu hizo mbili ukapotea. Mwenye blanketi hadi leo hajagundua, na asiambiwe.

Kwenye kubadili rangi nilijifunza kuingiza uzi mpya kabla safu haijaisha: mshono mrefu wa mwisho unapobakiwa na mvuto mmoja, huo mmoja unauvuta kwa rangi mpya. Ukingoja umalize, rangi ya zamani inapanda safu ya juu na kuacha doa. Mikia niliiacha ya sentimita 15 na kuifichia ndani ya mishono ya rangi yake kwa sindano butu, kwenda na kurudi. Kazi hiyo naichukia. Niliifanya yote siku moja nikinung'unika.

Juu ya blanketi makombe huacha mawimbi, na chini kunakuwa kumenyooka. La binti nililigeuza juu chini nikapiga safu ya makombe upande wa pili wa mnyororo, likawa na mawimbi pande zote mbili. La kijana nilizungushia mishono mifupi tu, mitatu katika tundu moja kila kona. Pembeni nilibahatisha mwanzo, ukingo ukajaa mikunjo kama marinda ya gauni. Nilipopunguza mishono ukatulia.

Nilifua kwa maji ya vuguvugu nikayatandaza juu ya taulo, bila pasi. Pasi ya moto hulegeza akriliki na kuing'arisha, na hairudi tena ilivyokuwa. Yalipokauka la kijana lilikuwa limerefuka sentimita 4 kwa uzito wake, nami sikulalamika, kwani kuanzia nimpime naye alikuwa amerefuka.

Ile sampuli ya makombe 4 sikuifumua. Binti yangu aliiona imelala kwenye kapu la nyuzi, akaichukua akamfunika mwanasesere wake, akarudi baada ya dakika mbili na uso wa kesi. Miguu ya mwanasesere ilikuwa nje. Akamlaza mezani chali, akaniletea futi, akaonyesha kidevu.