Eti Tetris ni gemu nyepesi?

Jamani hii habari ya kugawa gemu, kwamba hizi za kupotezea muda na hizi ndo za wachezaji wenyewe, mi naona tunaikosea kila siku. Watu wakiona gemu ina rangirangi, iko kwenye simu, mama wa watu anaicheza kwenye daladala, basi, nyepesi hiyo. Wakati cha kuangalia ni mchezaji akiamua kuikomalia itamfikisha wapi.

Chukua Tetris. Alexey Pajitnov kaitengeneza Moscow mwaka 1984, sheria zake unazielewa ndani ya dakika moja, vipande vinashuka, unajaza mstari, mstari unafutika, hata bibi anacheza. Ila sasa ile Tetris ya NES, mashine ya gemu ya Nintendo inayochomekwa kwenye TV, ukifika leveli ya 29 vipande vinashuka kasi kiasi kwamba ukikishikilia kitufe cha kusogeza pembeni kipande kinatua kabla hakijafika ukutani. Miaka na miaka watu waliamini hapo ndo mwisho wa gemu. Wakaja wengine wakawa wanatetemesha kidole kubonyeza harakaharaka, wakapita, halafu baadaye ikaja mbinu nyingine kali zaidi, dole gumba unalituliza juu ya kitufe, vidole vya mkono mwingine vinagonga mgongo wa pedi ya kuchezea kimoja baada ya kingine kama mtu anapiga ngoma, yani pedi ndo inafuata dole gumba! Desemba 2023 dogo wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Marekani, akafika leveli ya 157, gemu ikaganda. Kabla yake hakuna binadamu aliyekuwa ameifikisha huko tangu itoke 1989. Huyo dogo nani atamwambia anacheza gemu ya kupotezea muda?

Candy Crush nayo, ile ya kupanga peremende, ya 2012, ni rahisi kuanza vilevile na wala sina ugomvi na wanaoipenda, ila ina maisha 5, yakiisha unakaa nusu saa ndo lirudi moja, au utoe hela. Yani pale ulipopania kabisa, umeshaona ulipokosea, ndo inakutoa nje. Hiyo inaniudhi sana.

Sasa njoo Dark Souls ya 2011, gemu ya mapigano ambayo kila mtu anaiogopa. Unakufa, roho zote ulizokusanya, ambazo ndo kama hela ya humo ndani, zinabaki palepale ulipofia, ukifa tena kabla hujazifikia zimeenda mazima. Inauma. Lakini unarudi muda huohuo, bosi yuleyule, yani adui mkubwa, pigo lilelile, unaanza kuona akinyanyua mkono hivi ujue kabisa anakuja kushoto, na kufa mara zote hizo hakuna anayekuomba senti. Ndo maana mi naiweka fungu moja na Tetris, najua wengi mtabisha, zote mbili zinakuacha ujaribu mpaka uchoke wewe mwenyewe. Kama una mdogo wako anataka kuanza gemu, mpe Tetris kwanza kabla ya hizo za kulipia maisha, akiipenda kweli mwenyewe atakuuliza Dark Souls inapatikana wapi.